Chakula cha Bakteria Kipo Jikoni: Maoni juu ya Ufundishaji wa Sayansi katika Shule za Msingi

Miongoni mwa maneno yanayosikika mara nyingi katika vyumba vya walimu wa shule za msingi ni haya mawili: "Vifaa hakuna." Hatukusudii kuyakanusha. Ni kweli kwamba shule nyingi hazina hadubini, hazina maabara, na kabati la sayansi, pale lilipo, aghalabu lina vumbi na chupa tupu. Hata hivyo, tunadai kwamba lipo somo moja ambalo maneno hayo hayana nguvu kwalo, nalo ni somo la bakteria wenye manufaa. Bakteria haombi meza ya vigae wala taa ya umeme. Anachohitaji ni chakula, maji na joto la kiasi, na mambo hayo matatu yamo katika kila jiko la nchi yetu.

Tunawaandikia wanachuo watakaopangiwa shule za msingi, na tumechagua kuitazama sehemu moja ili tusiseme mambo ya hewani. Sehemu hiyo ni Chimala, katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, kando ya barabara kuu itokayo Makambako kwenda Mbeya. Upande mmoja umetandaa uwanda wa Usangu pamoja na mashamba yake ya mpunga; upande wa pili umeinuka ukuta wa milima, ambako barabara yenye kona 57 hupanda kwenda Matamba na nyanda za Kitulo, nchi ya viazi mviringo na malisho ya ng'ombe. Mwalimu anayesimama Chimala anapata chenga za mchele na pumba kutoka mashine za kukoboa, viazi kutoka mlimani, maziwa ya wafugaji, ulezi na maharage ya sokoni, na magadi ya dukani. Tutaonyesha kwamba kila kimojawapo ni kifaa cha sayansi.

Kwa nini tuwafundishe watoto bakteria wema?

Mtoto wa shule ya msingi husikia habari za bakteria kwa mara ya kwanza pamoja na habari za kipindupindu, homa ya matumbo na kifua kikuu. Jambo hilo ni la lazima, wala hatusemi lipunguzwe. Lakini somo likiishia hapo, mtoto huondoka akiamini kwamba kila kisichoonekana kwa macho ni adui. Imani hiyo si kweli, na tena ina hasara, kwa kuwa inamtenganisha mtoto na maarifa ambayo wazazi wake wanayatumia kila siku bila kuyapa jina.

Mama anayegandisha maziwa kwa kutia kijiko cha mtindi wa jana anakuza bakteria. Bibi anayetengeneza togwa kwa kuchanganya uji na kimea, kisha akatia togwa kuukuu kidogo ili "iamke", anakuza bakteria. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na wenzao wa Sweden, walionyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa kwa namna hiyo walipatwa na kuhara mara chache zaidi kuliko wenzao. Sababu yake inaeleweka: bakteria wa togwa hutengeneza asidi ya laktiki, na ndani ya asidi hiyo vijidudu vingi vya kuharisha hushindwa kustawi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikundi cha akina mama cha Tukwamuane huko Mwanza, kikishirikiana na wataalamu wa Kanada na wa hapa nchini, kilianza kutengeneza mtindi wenye bakteria waliochaguliwa kwa faida ya afya. Chakula walichotumia kuwakuzia bakteria hao kilikuwa maziwa.

Shambani habari ni hiyo hiyo. Takriban asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa hewani. Kiwandani huunganishwa na haidrojeni kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na kwa mgandamizo mkubwa mno, ndipo ipatikane mbolea kama urea. Bakteria waitwao rizobia, wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya maharage, soya na kunde, hufanya kazi ya namna hiyo katika joto la udongo wa kawaida, bila moshi na bila ankara. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopanda duniani kote, na Serikali ikaleta ruzuku katika msimu wa 2022/2023, kila mkulima wa Nyanda za Juu Kusini alitambua thamani ya naitrojeni. Hatusemi kwamba kinundu cha haragwe kitaondoa haja ya mbolea katika mashamba ya mpunga ya Usangu, la hasha. Tunasema kwamba mtoto wa mkulima asiyejua kinundu ni nini ataking'oa na kukidhania ugonjwa.

Chakula cha kukuzia bakteria ni kitu gani?

Wataalamu wa maabara huwakuza bakteria katika chakula maalumu, ambacho kwa kawaida huwa na maji, kitu cha kutia nguvu kama sukari, kitu chenye naitrojeni kama protini, chumvichumvi za madini na vitamini. Ukitazama orodha hiyo kwa makini utaona kwamba ni orodha ya uji wa lishe. Historia inathibitisha hivyo. Robert Koch, mwanasayansi wa Ujerumani, kabla ya kupata njia bora zaidi, aliwakuza bakteria juu ya vipande vya viazi vilivyochemshwa. Baadaye alitumia jelatini, lakini ikawa inayeyuka kwenye joto ambalo bakteria wengi hulipenda. Aliyeleta ufumbuzi hakuwa profesa. Alikuwa Fanny Hesse, mke wa msaidizi mmoja katika maabara ya Koch, aliyeshauri mwaka 1881 itumike agari, kitu kitokanacho na mwani, ambacho yeye alikuwa akikitumia jikoni kugandishia vyakula vitamu. Hadi leo maabara za dunia nzima hutumia agari. Kwa hiyo mwalimu anayeingia jikoni kutafuta zana za bakteria anarudi mahali elimu hiyo ilipopitia tangu mwanzo.

Lakini tahadhari moja yafaa isemwe mapema. Chakula cha bei nafuu ni chema tu kinapomfaa mlaji wake. Rizobia wa maharage, ambao hukua upesi, huweza kutumia sukari ya kawaida badala ya manitoli, sukari ya maabara iliyo ghali. Rizobia wa soya, ambao hukua polepole, kwa kawaida hawaiwezi. Bakteria wa maziwa hutaka vitamini na vijenzi vya protini, hivyo maji ya sukari peke yake hayawatoshi. Kijiko cha pumba za mchele hufaa kuongeza kilichopungua. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kituo cha vijidudu kilichoanzishwa mwaka 1977 kilitengeneza rizobia za kuwauzia wakulima kwa jina la Biofix, na kitu cha kuwabebea bakteria hao kikawa tope linalobaki viwandani maji ya miwa yanapochujwa. Morogoro nako, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilitengeneza rizobia za soya zilizoitwa Nitrosua. Wataalamu hao walipunguza gharama kwa kuchagua, si kwa kubahatisha. Nasi tuwafundishe watoto kuchagua.

Jaribio la kwanza: uji wa chenga

Pika uji kwa kikombe kimoja cha unga wa chenga, vikombe vinne vya maji na kijiko kimoja cha pumba safi. Uache upoe hadi sufuria ivumilike kwa mkono, kisha koroga ndani yake vijiko viwili vikubwa vya unga wa kimea cha ulezi. Baada ya saa moja hivi uji utakuwa umelainika na kuwa mwepesi, kwa sababu kimea kimeigeuza wanga kuwa sukari. Tumesema ulezi, wala si mtama, kwa kuwa chipukizi za mtama zina sumu; na nafaka yoyote yenye ukungu isitumike kabisa.

Sasa uchemshe uji huo tena kwa dakika kumi. Ugawe katika chupa tatu zilizochemshwa, zenye vifuniko, uuache upoe. Katika chupa ya kwanza tia kijiko cha togwa hai. Katika ya pili tia kijiko cha togwa ile ile iliyochemshwa kwanza na kupozwa. Ya tatu usiitie kitu. Ziweke pamoja mahali penye joto la kiasi, karibu na jiko la shule.

Kesho yake mwalimu achukue kiasi kidogo kutoka kila chupa na kukitia magadi. Uji wa chupa ya kwanza utatoa povu, kwa kuwa asidi inapokutana na magadi hutoa gesi. Ule wa chupa nyingine utatoa povu kidogo au usitoe kabisa. Hapo ndipo penye moyo wa somo. Chupa ya kwanza na ya pili zilitiwa kitu kile kile, kiasi kile kile. Tofauti yao ni moto tu. Mwalimu awaulize watoto: moto ulichukua nini? Asiwajibu haraka. Mtoto atakayesema, "Uliua kitu kilichokuwa hai," ameifikia sayansi kwa miguu yake mwenyewe, wala hakuwa na hadubini.

Somo hilo hilo liingizwe katika hisabati. Tuchukulie kwamba bakteria mmoja hugawanyika kuwa wawili kila baada ya saa moja. Baada ya saa 12 watakuwa 4,096. Baada ya saa 24 watakuwa 16,777,216. Watoto wahesabu wenyewe ubaoni, nao wataelewa kwa nini kijiko kimoja hutosha chungu kizima.

Jaribio la pili: kinundu cha haragwe

Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya maharage, na kituo cha utafiti cha Uyole, karibu na jiji la Mbeya, kimetoa mbegu zinazojulikana kama Uyole 84 na Njano Uyole. Kwa hiyo shamba la shule halitakosa mharage. Maharage yanapoanza kutoa maua, ng'oa kwa jembe, si kwa kuvuta, mmea uliostawi. Osha mizizi taratibu. Pasua kinundu kimoja kwa kiwembe, kazi hiyo ifanywe na mwalimu. Kikiwa chekundu ndani kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi kazi, au kimekwisha kuchoka.

Chagua vinundu ishirini vyenye afya, viponde katika nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa, ongeza kijiko kidogo cha sukari ili maji yanate kwenye mbegu. Gawa maji hayo sehemu mbili, na sehemu moja ichemshwe kisha ipozwe. Andaa makopo mawili yaliyotobolewa chini, yaliyojazwa mchanga wa mtoni uliooshwa na kukaangwa kwa nusu saa. Kila kopo litiwe robo ya kijiko cha majivu. Majivu yana madini ya kumfaa mharage, lakini hayana naitrojeni, kwa sababu iliondoka na moshi. Nalo ni swali zuri la kuwauliza watoto. Chovya mbegu tano katika maji mabichi ya vinundu na uzipande kopo la kwanza. Chovya tano katika maji yaliyochemshwa na uzipande kopo la pili. Fanya hayo kivulini, maana jua huua bakteria. Mwagilia kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kila kopo kwa kikombe chake.

Wiki mbili za kwanza hakutakuwa na tofauti, kwa kuwa mche bado unakula akiba ya mbegu yake. Mwalimu asikate tamaa, wala asiwaruhusu watoto kukata tamaa. Kati ya wiki ya nne na ya sita, majani ya kopo la pili huelekea kuwa ya manjano, na yale ya kopo la kwanza hubaki na ukijani wake. Mwishowe watoto wang'oe yote na kuhesabu vinundu. Endapo kopo la pili nalo litaonekana na vinundu vichache, swali lisifichwe: bakteria wale walipita wapi? Kwenye mbegu? Kwenye maji? Kwenye mikono? Jibu lisilotarajiwa nalo ni fundisho.

Katika jaribio hili bakteria hawakukuzwa katika sahani wala katika chupa. Chakula chao kilikuwa mharage wenyewe, unaowapa sukari nao wakaulipa kwa naitrojeni. Hakuna chakula cha kukuzia kilicho rahisi kuliko hicho.

Mipaka isiyovukwa

Wapo watakaosema kwamba kukuza bakteria shuleni ni hatari. Tunakubaliana nao katika jambo moja, tena kwa nguvu. Baadhi ya vitabu vya sayansi huelekeza wanafunzi wapake uchafu wa mikono, sarafu au mlango wa choo juu ya chakula cha kukuzia na kuuacha uote. Katika shule ya msingi isiyo na mtungi wa kutakasia kwa mvuke wa nyuzi 121, sisi tunasema jaribio hilo lisifanywe. Huwezi kujua umekuza nini, wala huna njia ya kukiua kwa hakika utakapomaliza. Kiazi cha Matamba kilichochemshwa kimeingia katika historia ya Koch, lakini kikiachwa wazi darasani hupokea kila kinachopita.

Kanuni zetu ni hizi. Kwanza, tunakuza bakteria wa chakula na wa mizizi tu, wale ambao watu wameishi nao kwa vizazi vingi. Pili, hakuna anayeonja kitu cha majaribio, hata kikinukia vizuri. Uji wa wali uliochemshwa na kuachwa ukiwa vuguvugu unaweza kuotesha bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa na ambao hutoa sumu. Chupa ya pili na ya tatu zaweza kuwa hivyo. Tatu, chupa zifunikwe, na zikimaliza kazi zichemshwe nusu saa pamoja na vilivyomo, kisha vimwagwe shimoni. Nne, mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Mwalimu asiyeweza kutimiza kanuni hizi aahirishe jaribio, kwani hakuna somo lililo na thamani kuliko afya ya mtoto.

Hoja ya muda na wingi wa watoto

Wengine watasema kwamba darasa lina watoto wengi na muhtasari ni mrefu. Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuipuuzi. Lakini majaribio haya mawili hayali vipindi vingi. Uji hutaka kipindi kimoja cha kuandaa na robo saa ya kuangalia. Makopo ya maharage hutaka dakika chache kila siku, na zamu za kumwagilia zaweza kugawiwa vikundi. Darasa kubwa likigawiwa makundi manane, kila kundi na makopo yake mawili, matokeo huwa ya kuaminika zaidi kuliko ya kopo moja la mwalimu, kwa sababu watoto watalinganisha na kuona ni makundi mangapi yaliyopata jambo lile lile. Hapo wingi wa watoto umegeuka kuwa nguvu.

Wapo pia wanaodhani kwamba zana za jikoni huishusha hadhi sayansi. Fikra hiyo ndiyo tunayoipinga kuliko zote. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule isimtenge mtoto na maisha ya kijiji chake. Tusipojihadhari, tutalitimiza sharti hilo kwa jembe la shamba la shule tu, huku tukiliacha somo la sayansi likielea katika michoro ya ubaoni. Mtoto anayekariri kwamba "bakteria wana manufaa" atajibu mtihani. Mtoto aliyeona povu katika chupa moja na kulikosa katika nyingine atamweleza mama yake kwa nini chombo cha togwa kioshwe kwa maji ya moto, na kwa nini vinundu vya maharage visidhaniwe ugonjwa.

Wito wetu

Tunawashauri wanachuo, kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, wayafanye majaribio haya mawili hapa chuoni kwa mikono yao, waandike siku, vipimo na matokeo, na wajiulize wangefanyaje kama chenga au ulezi vingekosekana mahali wanakopelekwa. Njombe watatumia viazi na maziwa. Kyela watatumia mchele. Iringa watatumia mahindi. Vyakula vitatofautiana, lakini swali litabaki moja: ni nani anayekula humu, na anahitaji nini?

Hatuwaombei walimu wa kesho umaskini wa vifaa. Shule zipewe hadubini, na viongozi wakumbushwe wajibu huo bila kuchoka. Lakini mtoto wa darasa la tano wa mwaka huu hatasubiri hadubini ya mwaka kesho kutwa. Atakuwa amekwisha kuondoka. Anayemfundisha leo na aanze na chungu kilichopo.